Habari Zimfikie Popote Alipo

Syokau Kyule alikuwa na sauti nzuri, na sauti hiyo ilikuwa imemharibia mambo mengi.

Kwa miaka kumi na minane alikuwa akisoma matangazo ya vifo katika Mwatu FM, kituo kidogo cha redio kilichoko Malili, ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo. Kila siku saa saba kasorobo mchana, na tena saa moja kasorobo jioni, alivuta kiti, akakohoa mbali na maikrofoni, kisha akaanza: Tunasikitika kutangaza kifo cha fulani, wa kijiji fulani. Mawimbi ya kituo yalipanda milima ya Mbooni, Makueni, upande mmoja na kuteremka hadi Kanyangi, Kitui, upande wa pili. Kote huko hakukuwa na boma ambalo Syokau hajaliingia angalau mara moja bila kubisha hodi.

Sasa mtu wa namna hiyo atasalimia watu vipi? Akienda kusaga mahindi, aseme tu "Hamjambo," mwanamke aliye mbele yake kwenye foleni anageuka ameshika kifua. Mwaka mmoja alimpigia simu binamu yake ampe habari njema, kwamba mke wa kaka yake amejifungua salama. Akasema, "Halo, ni Syokau," na kabla hajafika neno la nne binamu alikuwa amekwisha kupiga mayowe na majirani wameruka ua. Mtoto huyo sasa yuko darasa la tano, na mpaka leo wanamtania kwamba alizaliwa na kuliliwa siku moja. Kanisani kwao kina mama wamempa kila kazi, kupanga viti, kupika, kufundisha watoto nyimbo. Kutangaza harusi hawajampa, na hawatampa.

Mwenyewe hakuwa mtu wa kulalamika. Kazi yake aliijua, na aliipenda kwa namna yake. Jina asilolizoea hakulisoma kwa kubahatisha. Alipiga simu kwa wafiwa akauliza linatamkwaje, kwa sababu mtu anayesomwa mara ya mwisho hastahili kukosewa jina. Na hakuwahi kutetemeka. Mzee aliyemfundisha kazi alimwambia jambo moja tu: msomaji akilia, nani atasikia mazishi ni lini? Basi Syokau alisoma kama mtu aliyebeba karai la maji kichwani, hatua kwa hatua, pasipo tone kumwagika.

Msikilizaji aliyemtaka na hakumpata alikuwa mmoja tu, naye ni mama yake mzazi, Wavinya, kule Mbooni.

Kisa chenyewe ni cha zamani. Katika wiki yake ya tatu kazini Syokau aliletewa karatasi sita. Simu za mkononi zilikuwa za kuhesabika milimani siku hizo, na watu walipashana habari za msiba kupitia redio. Karatasi ya nne ilikuwa fupi, imeandikwa na mtu mwenye haraka: Nyamai wa Kanyangi amefariki ghafla, mazishi ni Jumamosi. Kina Nyamai wako wengi Kitui, kwa hiyo Syokau hakushtuka, akaendelea kusoma. Ndipo macho, ambayo siku zote hutangulia mdomo kwa hatua moja, yakafika mstari wa mwisho. Habari zimfikie dada yake, Wavinya Kyule, popote alipo Mbooni.

Wavinya Kyule alikuwa mama yake. Nyamai alikuwa mjomba wake, yule aliyemnunulia viatu vyake vya kwanza vya shule. Angeweza kunyamaza. Angeweza kuzima maikrofoni na kusingizia mtambo. Aliusoma mstari ule mpaka nukta, akachukua karatasi ya tano akaisoma, akaisoma ya sita, ndipo akatoka nje akaketi kwenye ngazi.

Na kule Mbooni mama yake alikuwa ameketi kando ya redio, anachambua maharagwe, anamsikiliza binti yake kwa majivuno kama alivyofanya kila siku tangu aanze kazi.

Siku ya mazishi Wavinya alimvuta kando, nyuma ya jiko. "Umemsoma ndugu yangu kama unasoma bei ya mahindi," alimwambia. "Hata sauti haikushtuka." Tangu hapo, kila ikikaribia saa saba kasorobo, Wavinya alizima redio akaenda shambani, jua liwake au mvua inyeshe. Mengine yote yalibaki kama kawaida. Syokau alienda nyumbani Krismasi, akafungiwa maparachichi ya kurudi nayo, akaelezwa habari za goti la mama. Lakini habari ya redio hakuna aliyeigusa.

Ndiyo maana ilipotajwa siku nzima ya muziki kituoni, Syokau aliinua mkono kabla meneja hajamaliza kusema.

Meneja, Irungu, alikuwa mtu wa Murang'a aliyehamia Malili zamani, na hakuwahi kukataa mashine ya bure. Shirika moja la utamaduni la jijini lilikuwa limekipa kituo mtambo mpya wa kuchanganyia sauti. Lilitaka jambo moja tu: Alhamisi moja, kuanzia alfajiri hadi jioni, kituo kipige muziki wa kale wa okestra za ng'ambo na katikati kiweke vipindi vya utamaduni, ususi wa vyondo, ngoma za wazee, kwaya za shule, hadithi za kale. Kusikia hivyo watangazaji vijana wote wakapatwa na udhuru. Wa asubuhi alipata harusi ya shemeji. Wa mchana alipata jino. Hakuna aliyetaka jina lake linaswe kwenye fidla.

"Na matangazo ya vifo?" Syokau aliuliza.

"Yatangoja Ijumaa," Irungu alisema. "Hawa watu wanataka utamaduni pekee. Wewe utaweza kukaa hapo siku nzima?"

"Nitaweza."

Jioni hiyo alimpigia mama yake. "Mwaitu," alisema, maana ndivyo Mkamba anavyomwita mama yake, "Alhamisi fungua redio. Siku nzima ni mimi. Hakuna vifo."

"Hata kimoja?"

"Hata kimoja. Ni muziki na utamaduni tu."

"Basi nitafungua."

Syokau alipoweka simu chini alijikuta anatabasamu peke yake mbele ya sufuria ya ugali, na ugali ukashika chini.

Siku tatu alijitayarisha. Ben, fundi wa mitambo, mtu wa miaka arobaini asiyependa maneno mengi, alimwandikia majina ya watunzi wa kizungu jinsi yanavyotamkwa. Syokau aliyakariri akipiga pasi na akiosha vyombo. Kilichomsumbua ni kwamba hakuweza kuwapigia wafiwa ahakikishe, kwa kuwa wafiwa wenyewe walikuwa wamekufa yapata miaka mia mbili iliyopita.

Alhamisi, saa kumi na mbili kamili asubuhi, alivuta kiti. Akakohoa mbali na maikrofoni.

"Wasikilizaji wapendwa, hii ni Mwatu FM." Akapumua, kama anavyopumua siku zote. "Ni mimi, Syokau Kyule."

Ben akaachilia fidla. Zilikuwa nyingi, zilikwenda polepole, na hapakuwa na mwimbaji. Zilipokwisha, Syokau akafungua maelezo aliyoyatafsiri mwenyewe kutoka kwenye karatasi za shirika. "Mtunzi wa muziki huu," alisoma, "alifariki akiwa na umri wa miaka thelathini na mitano, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Ameacha mjane na watoto wawili wa kiume. Mazishi yake yalihudhuriwa na watu wachache."

Yote hayo yalikuwa kweli, ila mpangilio na ile sauti vilikuwa vya saa saba kasorobo. Mkono uliozoea jembe haubadiliki kwa siku tatu, na Syokau wala hakujua kwamba amelishika jembe.

Tena kuna jambo ambalo shirika la jijini halikulifikiria, labda kwa sababu watu wake ni vijana. Mkenya mwenye umri wa kutosha anajua maana yake redio inapoacha nyimbo zake na matangazo yake ya sabuni, ikaweka fidla zisizo na mwimbaji. Maana yake kuna mkubwa amekufa, na wanangoja ruhusa ya kusema. Hakuna aliyefundishwa jambo hili darasani, linajulikana tu. Sasa weka fidla hizo, halafu juu yake uweke sauti ya Syokau.

Simu ya kwanza ililia saa kumi na mbili na dakika ishirini. Ben aliichukua.

"Ni nani amekufa?" mtu aliuliza.

"Hakuna mtu amekufa."

"Sawa. Mkikubaliwa kusema, tuambieni," yule mtu alijibu kwa upole, akakata.

Kufikia saa mbili simu haikuwa inapumzika. Na marehemu mwenyewe, kwa kuwa hakuwepo, alibadilika kulingana na kipindi. Kilipoingia kipindi cha ususi wa vyondo, watu wakakata shauri kwamba aliyekufa ni mama, tena mama mkubwa. Zilipopigwa ngoma za wazee, akageuka mzee. Saa nne kwaya za shule zilipoanza kuimba, mwanamke mmoja wa Kanyangi alipiga akilia kwa sauti, akitaka kujua ni mwalimu yupi. Diwani mmoja alipiga mwenyewe. "Madam, mimi niko hapa kwangu na nimekunywa chai," alisema, "lakini kuna watu wanalia kwa gate yangu. Tafadhali wekeni hata wimbo mmoja wa kawaida."

Syokau mwanzoni alicheka. Baadaye kicheko kilikauka. Saa tatu, kwaya zikiwa bado, alikuwa amempigia mama yake, akaambiwa na ile sauti ya mashine kwamba mteja hapatikani. Saa tano alipiga tena, mteja hapatikani. Akaketi na simu mapajani huku okestra ikiendelea, akaelewa, au akadhani ameelewa. Mama alifungua redio, akasikia sauti ileile, akasikia "ameacha mjane na watoto wawili," akazima kila kitu, redio na simu, akachukua jembe. Miaka kumi na minane ya kungoja, na dakika tano zikatosha kuiharibu. Syokau alijionea huruma na akajikasirikia, yote mawili kwa pamoja.

Saa saba kasorobo ilifika na matangazo ya vifo hayakusomwa.

Hapo ndipo mambo yalipokwenda mrama kabisa. Walioshuku asubuhi sasa waliamini. Kama marehemu wa kawaida wote wamesukumwa kando, basi huyu aliye mbele yao ni mkubwa kiasi gani? Soko la Kanyangi, lililokuwa limejaa, likaanza kufunga, wauza nyanya wakafunika nyanya. Shule moja ya upili isiyo mbali na Malili ilishusha bendera nusu mlingoti, na mwalimu mkuu akapiga simu kuuliza aiache hivyo kwa siku ngapi.

Irungu alipanda ngazi anahema. "Syokau, tutoe hii kitu. Ben, weka benga, turudi kawaida."

"Makubaliano ni siku nzima," Syokau alisema.

"Makubaliano hayakusema bendera zishuke!"

"Nipe dakika kumi niongee nao."

"Si ni kuongea kwako kumetuletea haya?"

Hilo lilimwingia. Lakini hakuondoka kitini. Alimtazama Irungu kwa namna ambayo Irungu hakuwahi kutazamwa naye, na meneja akajikuta amefungua mikono na kurudi nyuma hatua moja. Ben akainua kidole. Taa nyekundu ikawaka.

"Wasikilizaji wapendwa," Syokau alisema. "Hakuna aliyekufa."

Hata yeye alisikia lilivyotoka. Lilitoka kama tangazo la kifo cha mtu anayeitwa Hakuna. Akajaribu tena kwa furaha zaidi, akasikika kama mtu anayefariji watoto. Simu ya kwanza aliyoipokea hewani ilikuwa ya bwana mmoja aliyesema kwa heshima kwamba hata mara ile nyingine mkubwa alipokufa walikana hadi jioni.

Simu ya pili ilitoka Kanyangi. Ilikuwa sauti ya mzee, kavu, isiyo na haraka.

"Mimi naitwa Mbuvi. Wewe hunijui, lakini umenisomea watu watatu. Mke wangu, ndugu yangu, na kijana wangu wa kwanza. Uliwasoma vizuri. Ulinipigia hata ukaniuliza jina la mke wangu linasemwa namna gani."

"Asante, Mzee."

"Sasa sikiza, mwanangu. Wewe ukisema mtu amekufa, mimi huamini, hata sitoki kwenda kuuliza jirani. Lakini hii ya kusema hakuna aliyekufa, hujui kuisema. Isome vile unasomanga. Nisome mimi."

Syokau hakuelewa mara moja. "Nikusome vipi, Mzee, na uko hai?"

"Si ndiyo hiyo unataka watu wajue? Soma."

Basi akachukua kalamu, akamwuliza mambo mawili matatu, kama anavyowauliza wafiwa, akaandika nyuma ya karatasi ya shirika. Kisha akakohoa kando.

"Tunafurahi kutangaza uhai wa Mzee Mbuvi, wa Kanyangi, kaunti ya Kitui. Mzee Mbuvi ni mume wa marehemu Mbatha. Ni baba wa Kitheka na wa marehemu Mwau, na babu wa watoto tisa. Ameamka salama leo, amekula viazi, na sasa anachunga mbuzi karibu na mto. Atarejea nyumbani kwake saa kumi jioni, na jamaa na marafiki wote mnaalikwa. Habari zimfikie mwanawe Kitheka, popote alipo Mombasa, ambaye hajapiga simu tangu Pasaka."

Kisha mzee akacheka, kicheko kirefu chenye kikohozi ndani yake, na nyuma yake mbuzi wakasikika.

"Sasa nimeamini," alisema.

Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena nani amekufa. Walipiga kutaka kusomwa. Muuza nyanya wa Kanyangi alitaka kusomwa ili wateja wajue amefungua tena. Mama mmoja wa Malili alitaka mumewe asomwe, mzima kabisa, popote alipo, na aambiwe kwamba kuni zimeisha. Diwani alipiga tena akasomwa, na watu waliokuwa langoni kwake, kwa maelezo yake mwenyewe, wakaondoka wakiwa wamevunjika moyo kidogo. Kitheka alimpigia baba yake kutoka Mombasa kabla nusu saa haijaisha. Mzee Mbuvi alirudi hewani kutoa taarifa hiyo, na kuomba tena ile ya fidla ya asubuhi, kwa sababu mbuzi walikuwa wametulia nayo.

Ben alipanga mambo vizuri. Kipande cha okestra, wanne walio hai, hadithi ya kale, watatu walio hai. Irungu alikaa kwenye kigoda mlangoni, akinywa soda ya mtu mwingine. Bendera ya shule ilipanda tena. Syokau alisoma hadi koo likakauka, na kila jina aliuliza linatamkwaje. Lakini kila simu ilipolia moyo ulimruka, na kila ilipokuwa ya mtu mwingine uliketi tena chini. Alikuwa amewapata watu wote wa kaunti mbili kasoro mmoja.

Saa kumi na moja na nusu Ben alimwonyesha kidole. "Kuna mama wa Mbooni," alisema. "Anatumia simu ya jirani."

Akamweka hewani moja kwa moja, maana hakujua ni nani.

"Halo, Mwatu FM."

"Ni mimi," sauti ilisema.

Syokau aliinuka kitini, akaketi tena. "Mwaitu? Nimekupigia tangu asubuhi. Simu imezimwa."

"Si iliisha chaji. Watu wamenipigia mpaka ikaisha chaji, halafu wakakuja wenyewe. Niko na watu kumi na moja hapa kwa boma tangu asubuhi. Wanasema mama ya mtangazaji lazima anajua ni nani amekufa. Nimewapikia chai mara mbili."

"Kwa hivyo... ulikuwa umefungua redio."

"Si nilikuambia nitafungua?" Wavinya alishangaa. "Nimesikiza yote, hata ile ya fidla inalia kama mlango. Nimesikia ukisoma watu wa Kanyangi, ukasoma watu wa Malili, ukasoma mpaka mtu na mbuzi zake. Sasa mimi sina jina?"

Watu kumi na moja walisikika wakicheka kwa nyuma. Irungu aliweka chupa ya soda chini.

Syokau alivuta karatasi, lakini hakuwa na haja ya kuuliza chochote wala kuandika. Akakohoa mbali na maikrofoni.

"Tunafurahi kutangaza uhai wa Mama Wavinya Kyule, wa milima ya Mbooni, kaunti ya Makueni. Mama Wavinya ni mjane wa marehemu Kyule. Ni dada wa marehemu..." Akatua, muda wa pumzi moja. Jina hilo hakuwahi kulisema tena hewani kwa miaka kumi na minane, hata lilipokuwa la watu wengine alimwomba mwenzake alisome. "Ni dada wa marehemu Nyamai, wa Kanyangi, aliyekuwa mtu mwema na mnunuzi wa viatu. Ni mama wa watoto watano na nyanya wa wajukuu kumi na wanne. Anasumbuliwa na goti la kushoto lakini halimzuii kupanda hadi shamba la juu. Yuko nyumbani kwake, ambako jamaa na marafiki kumi na mmoja wamekusanyika na wanakunywa chai."

Akamaliza. Karai lilikuwa kichwani bado, halijamwagika tone.

"Ni nzuri," Wavinya alisema. "Lakini umeacha ya mwisho."

"Ya mwisho gani, Mwaitu?"

"Ile ya habari zimfikie. Wengine wote umewasomea. Mimi habari zangu zimfikie nani?"

Syokau alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Ben alimwona, akaweka kidole juu ya kitufe cha muziki.

"Habari zimfikie," Syokau alianza. "Habari zimfikie binti yake..."

Na hapo sauti ile iliyowapeleka watu wa Makueni na Kitui makaburini kwa miaka kumi na minane bila kujikwaa, ikakatika. Akajaribu tena ikakatika tena. Redio haipaswi kunyamaza, hilo ni kosa kubwa kuliko yote, na Kanyangi na Malili na Mbooni walisikia mwanamke akivuta pumzi na kushindwa, akilia waziwazi kwenye maikrofoni iliyo wazi. Ben aliondoa kidole kwenye kitufe. Irungu alitazama sakafu.

"Binti yake Syokau," alisema hatimaye, "popote alipo Malili."

Wavinya akasafisha koo, kando ya simu, kwa namna ileile ya bintiye.

"Sasa hapo nimekusikia," alisema. "Wacha nikaongeze maji kwa maharagwe, hawa watu hawaendi."